Jalala la Umbali

Kwa watu wengi, umbali wa kutoka Ilangali, nchi ya Wagogo, hadi Punta Serena, pwani ya Chile, ulikuwa jambo la kusoma mara moja kwenye tiketi na kulisahau. Kwa Sechelela Ndahani ulikuwa jambo la kuuliza upya kila asubuhi ya safari, na yeye ndiye aliyeajiriwa kuuliza.

Dunia ya zamani ilijua jibu moja tu: kilometa elfu kumi na moja na ushee, safari ya siku moja na robo ukijumlisha na kusinzia kwenye viti vya viwanja vya ndege vya watu. Ndipo Kampuni ya Njia Fupi ilipoleta mkunjo. Anga ilikunjwa kama kanga, pindo likaletwa karibu na pindo, na ndege ikawa inaruka kutoka pindo hadi pindo badala ya kusafiri juu ya kitambaa chote. Tangu masika yaishe, viwanja hivi viwili vilikuwa vimetengana kwa kilometa mia tisa tu. Abiria alipanda Ilangali akiwa na usingizi wa asubuhi, na kabla usingizi haujamwisha alikuwa Chile, anaoneshwa choo kilipo.

Kazi ya mpima umbali ilikuwa kutuma mwale ndani ya mkunjo, kusoma namba iliyorudi, na kutamka kwenye redio: "Umbali umethibitika." Bila maneno hayo hakuna ndege iliyoondoka, si huku wala kule, na akikuta hatari ndani aliweza kuamuru mkunjo ufunguliwe. Sechelela aliyapenda maneno hayo kupita kiasi. Siku nyingine aliyajaribu hata bafuni, apate kusikia yanavyovuma.

Jumatano ile hakupaswa kuwa kazini. Mjomba wake Mhembano, aliyemlea kama mwanawe wa kumzaa, alikuwa amefariki Jumatatu, na mazishi yalipangwa saa nane mchana kijijini Ng'hambala, mwendo wa nusu saa kwa pikipiki. Bosi wake alimpa ruhusa, akaikataa. Mjomba alikuwa na mtoto mmoja tu, binti yake Wendo, aliyekuwa akisugua vioo vya darubini kubwa katika jangwa la Chile na ambaye hakuwa amemwona baba yake kwa miaka minne. Wendo alikuwa ameketi kwenye lango la Punta Serena, kabla hata kwao hakujapambazuka, akisubiri ndege ya asubuhi hiyo. Sechelela alitaka sauti itakayomleta nyumbani iwe yake.

Akatuma mwale. Namba ikarudi mia tisa na mbili, kama kawaida, ila tarakimu ya mwisho ilikuwa ikitetemeka. Ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, kwa mwendo uliotulia, mara ikakoma kabisa. Akadhani mtambo umepata joto. Baada ya muda ikaanza upya.

Sechelela alikuwa mtu wa kudadisi tangu utotoni, yule mtoto anayeifungua redio ili aone mtangazaji amekaa wapi. Akaugeuza ule mtetemo kuwa sauti na kuvaa vipokeasauti. Du, du. Du, du, du. Ilikuwa midundo mingi isiyolingana, kama watwangaji waliopishana kwenye kinu, na yote ilinyamaza pamoja na kuanza pamoja. Kwa muda alisahau kabisa kwamba ana msiba.

Hapa lazima lisemwe jambo ambalo Kampuni haikulitangaza kwenye mabango yake. Umbali haufi. Ukiuondoa mahali, lazima uuweke mahali pengine. Zile kilometa zilizonyofolewa angani zilimwagwa katika majalala yaliyotawanyika duniani, mengi vilindini mwa bahari na kwenye barafu za ncha za dunia. Lakini sheria ilitaka kila nchi yenye uwanja wa mkunjo ibebe fungu lake, anayekula naye aoshe sahani, na fungu la Ilangali lilimwagwa katika mbuga ya Chilungu, kipande cha nchi kavu kati ya Ng'hambala ya Wagogo na Idete ya Wahehe. Ukiitazama mbuga kutoka juu, ilikuwa na upana wake ule ule. Aliyeingia kwa miguu ndiye aliyegundua kwamba ardhi imekuwa nyingi. Njia ya nusu siku ilikuwa imeongezewa kilometa mia mbili.

Majalala yote yalifungwa pamoja kwa mkunjo mmoja. Fundo moja likifunguliwa, yote yanafunguka, na kuukunja upya ni kazi ya miezi. Ndiyo maana kabla ya kumwaga chochote Chilungu, wapimaji walirusha chombo juu yake masika yote kuhesabu nyayo za watu, wasione hata moja. Wakauliza wenyeji, nao wakajibu kwamba hapapiti mtu.

Mtetemo ule ulikuwa ukitoka Chilungu.

Sechelela akampigia meneja, Mhandisi Rwechungura, mtu mpole aliyependa kila jambo liwe na maelezo mafupi. Alisema ni pundamilia. Sechelela akamkumbusha kwamba wanyama waliikimbia mbuga ile siku ya kwanza, na kwamba hata ndege wa porini huizunguka. Rwechungura akasema basi apime tena, bado kuna saa nzima.

Badala ya kupima akapiga simu msibani. Mama Wendo, mjane wa marehemu, alipokea, sauti imemkauka. Alisema watu wamejaa, jeneza liko tayari, kaburi limechimbwa, wanaosubiriwa ni Wendo na watani tu. Watani wa Idete walipelekewa habari, wakatoka jana alfajiri kwa miguu na jembe lao, kama wanavyotoka siku zote, na mpaka sasa hawajatokea na simu zao hazipatikani.

"Tangu lini Mhehe akachelewa msiba wa Mgogo?" aliuliza. "Maji wamebeba ya nusu siku. Hivi kuna mtu anaweza kupotea kwenye njia iliyonyooka?"

Sechelela akajua sasa ile midundo ilikuwa nyayo za nani. Alichukua redio ya mkononi na pikipiki ya mlinzi, akaondoka.

*

Mwisho wa kijiji, pale mashamba ya mtama yanapoishia na mbuga inapoanza, alimkuta mdogo wa marehemu, Mzee Sakalani, amesimama peke yake na kibuyu cha maji. Alikuwa amekuja kuwapokea watani tangu jana.

"Mbukwa, mjomba," alimsalimu.

"Mbukwa, mwanangu." Hakugeuka. "Kilima cha Idete si kile pale? Nakiona mpaka mawe yake. Basi na wao wangeonekana."

Sechelela akamwuliza kama yeye ndiye aliyewajibu wale wapimaji wa Kampuni. Mzee akasema ndiye.

"Mbona ulisema hapapiti mtu, mjomba?"

"Kwani panapita nani? Hiyo ni njia ya watani, nayo hupitwa kukiwa na msiba. Siku wale walipokuja hapakuwa na msiba." Ndipo akamgeukia. "Kaka yangu alikuwa ameketi pale pale, mzima, anacheka nao. Ulitaka niwaonyeshe wageni njia ya kaburi lake mbele ya macho yake?"

Kweli, kwao jambo hilo halitamkwi. Kukiwa na uzima, njia ya msiba haitajwi, haifyekwi, hata ng'ombe hawapitishwi humo, isije ikadhani inaitwa. Na masika yote yale hapakufa mtu Ng'hambala. Chombo cha Kampuni kilizunguka angani kikihesabu nyayo, kikaiona bahati njema ya kijiji, kikaandika kwamba mahali hapa hapana faida kwa mtu.

Akaingia mbugani. Mbele yake kulikuwa na kichuguu, kwa macho hatua thelathini hivi. Akakiendea. Alitembea kama mwendo wa kutoka kanisani hadi sokoni, jasho likamtoka, na kichuguu kikawa bado hatua thelathini. Akaokota jiwe, akalirusha kwa nguvu zake zote, likaanguka karibu sana na miguu yake, kama jiwe lililotupwa na mtoto mchanga. Haikosi aliona raha ya kulielewa jambo, raha ile ya kuifungua redio, na papo hapo akaionea aibu.

Alipotazama nyuma, Mzee Sakalani alikuwa mdogo kama punje ya mtama. Alipotazama mbele tena, mbali kuliko macho yalivyozoea kufika, aliona kitu kikimeta, kikazimika, kikameta. Lilikuwa jembe juu ya bega la mtu. Kando yake palikuwa na nukta nyingine tatu. Aliita mpaka koo likamuuma, na sauti yake haikufika popote.

Wakati wa kurudi ndipo alipoiona miti. Tangu safari za ndege zianze hakuna aliyekuja kuitazama kwa karibu. Ilikuwa migunga mikubwa, na mashina yake yalikuwa yamevutwa na kupasuka kwa urefu, nyuzi zikionekana ndani kama za muhogo uliochemshwa ukapitiliza. Kila ndege ilipopita, mkunjo ulikazwa, na majalala yakavutika pamoja nao; bahati ya watani ni kwamba jana haikuwa siku ya safari. Sheria ilisema jalala liwe tupu, nayo haikusema kwa nini. Migunga ilisema.

*

Alimweleza Rwechungura kwa redio, akihema. Meneja akaongea kwa upole wake ule ule. Ndege ipite kwanza. Ni safari ya saa moja na dakika chache, baada ya hapo watapeleka maji, watapeleka gari, watapeleka kila kitu. Mti ni mti na mtu ni mtu, na hakuna aliyethibitisha kwamba mtu atapasuka kama mti. Akiufungua mkunjo sasa, abiria mia mbili watakwama, mkunjo hautarudi hadi mwakani, na kazi yake itakuwa imekwisha.

"Na nakumbuka umeniambia mmoja wa abiria hao ni nani," alimalizia. Hilo halikuwa la upole sana.

Sechelela aliketi juu ya tangi la pikipiki. Maneno mawili tu yangetosha, yale yale aliyokuwa akiyapenda bafuni, na Wendo angekuwepo saa nane kumwona baba yake. Asingekuwa amedanganya hata namba. Mia tisa na mbili ilikuwa mia tisa na mbili kweli. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wazee walisema, na hapa palikuwa na kilometa mia mbili za usufi juu ya mabega ya watu wanne.

Alimpigia Wendo. Walikuwa wamekula sahani moja tangu utoto, hakuweza kumfanyia jambo hili mgongoni.

"Wameanza kutuita," Wendo alisema. "Nimevaa ile kanga nyeusi ya mama. Mwambie baba nakuja."

Sechelela akamweleza yote, mbuga, miti, jembe linalometa. Upande wa pili alisikia tangazo la Kihispania likipita.

"Sechi, aliyekufa ni baba yangu au ni wao?"

"Ni baba yako."

"Basi niache nije."

"Nikikuacha uje, dada, huenda wao ndio watakaokufa. Sijui. Hilo tu ndilo ninalolijua, kwamba sijui, na siwezi kuipitisha ndege juu ya kutojua kwangu."

Wendo alikata simu. Sechelela alilia pale pale juu ya pikipiki, kwa sauti, mbele ya mjomba wake, bila kujali. Halafu akajifuta kwa mkono, akainua redio.

"Ilangali kwa Punta Serena. Umbali haujathibitika. Kuna watu ndani. Fungua mkunjo."

Hapakuwa na kishindo. Upepo ulikata, kisha ukapiga upya kutoka upande mwingine. Kichuguu kilikuwa hatua thelathini, na sasa zilikuwa thelathini za kweli, na nyuma yake wakatokea wanaume wanne wakitembea kama walevi, karibu kabisa, midomo imepasuka na nyuso nyeupe kwa vumbi. Mzee Sakalani alikimbia na kibuyu chake kama kijana.

Wa mbele, aliyebeba jembe, aliitwa Luhwago. Alikunywa, akawapa wenzake, akanywa tena. Macho yake yalimwangukia mwenye kibuyu.

"Kamwene, Mgogo," alisalimu kwa sauti ya kukwaruza. "Mhembano alikuwa mvivu maisha yake yote. Hata kifo chake amekiweka mbali ili tukifuate sisi."

Mzee Sakalani, ambaye hakuwa ametoa chozi tangu Jumatatu, alicheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia. Hiyo ndiyo kazi ya mtani.

Njiani kwenda msibani Sechelela alimweleza Luhwago kilichowapata na nani alikosa ndege. Luhwago hakutoa pole. Aliuliza swali moja tu: kwa njia ya zamani, yule binti atafika lini?

"Kesho alasiri, akiunganisha vizuri."

Luhwago akaitikia kwa kichwa na kuhamisha jembe bega la pili.

*

Saa nane mchungaji alikuwa tayari, wimbo umeanzishwa, wabebaji wamejipanga mlangoni. Luhwago akasogea ukingoni mwa kaburi, akalitazama kama mtu anayetazama chumba cha kupanga, akavua viatu na kushuka ndani. Akajilaza chali.

Watu walicheka. Mtani kulala kaburini ni jambo la kawaida. Hupewa kuku, hupewa pombe, anatoka. Wakaleta kuku. Luhwago akamkataa. Wakaleta mbuzi, akasema mbuzi huyo amekondeana kama marehemu. Wazee walipoanza kukunja uso, alieleza shida yake: miguu hii imetembezwa njia isiyokuwepo, nayo inadai mapumziko. Ameiuliza inataka hadi lini, imesema hadi kesho alasiri.

Mchungaji alisihi. Mwenyekiti wa kijiji alifoka. Lakini hakuna mwanadamu anayeweza kumtoa mtani kaburini kwa nguvu, hata mkuu wa mkoa asingethubutu, na watu wote walilijua hilo, Luhwago kuliko wote. Mama Wendo alikuwa wa kwanza kuelewa. Aliinuka kwenye mkeka, akaenda hadi ukingoni, akamtazama kwa muda mrefu, akarudi kuketi. Sechelela naye alielewa, akapanda pikipiki kwenda kuwaomba wenzake wa uwanjani barafu za kumhifadhi mjomba. Walimpa zote walizokuwa nazo, ingawa jina lake lilikuwa limeshaondolewa mlangoni.

Watani walipokezana zamu. Mmoja alipotoka kula, mwingine alishuka, na kila aliyeshuka alimsema marehemu upya: alivyonyoa vibaya, alivyoimba vibaya zaidi, alivyowahi kumkimbia bata. Msiba ule ulicheka usiku kucha kama harusi.

Alhamisi mchana Rwechungura alipiga. Hakuwa na hasira, alikuwa na hoja. Kampuni ilihitaji jalala jipya. Sechelela aliwajua watu wa huku na miiko yao. Kama angewaonyesha mahali ambapo kweli hapapiti mtu, kazi yake ingemrudia.

Sechelela alitaka kukata simu, ila udadisi ukamzidi. Alitembea hadi kaburini, ambako Luhwago alikuwa amerudi zamu, akamwuliza zile kilometa mia mbili ziwekwe wapi.

Luhwago alifikiri, mikono chini ya kichwa.

"Huyo bosi wako ana choo ndani?"

"Anacho."

"Basi ziwekwe kati ya kitanda chake na choo chake."

Sechelela akamfikishia ujumbe kama ulivyo, kwa heshima zote. Akaongeza kwamba yeye mwenyewe ametafuta usiku kucha, kijiji kwa kijiji, njia kwa njia, mahali pasipopitwa na mtu, na hajapata. Kila alipopafikiria, palikuwa na mtu ambaye siku moja atapahitaji. Kisha akamtakia mchana mwema.

Alasiri gari la kukodi likasimama nje ya boma. Wendo alishuka na kanga nyeusi ya mama yake, imekunjamana kwa viti vya viwanja vitatu. Vilio vilipanda. Aliingia ndani kwa baba yake, akakaa humo muda aliotaka, hakuna aliyemharakisha. Alipotoka alimpita Sechelela bila kumtazama, na Sechelela akaona ni haki yake. Alikwenda moja kwa moja hadi ukingoni mwa kaburi, kwa kuwa mama yake alikuwa amemnong'oneza ni nani aliyemo.

Luhwago aliketi, akapangusa udongo nyweleni.

"Umechelewa," alisema.

"Nimechelewa, mtani."

"Hata mimi."

Akanyoosha mkono. Wendo akaushika, akavuta, udongo ukaporomoka chini ya kisigino chake na mtu mzima yule hakuinuka hata shubiri. Akajaribu tena. Kisha, bila kugeuza kichwa, akaunyoosha mkono wake mwingine nyuma.

"Sechi," alisema, "huyu ni mzito. Njoo tumvute."

Sechelela akaja, wakamvuta pamoja.